Choroa wa Tarangire na choroa wa Kalahari: kwa nini katikati hakuna kitu? (Uzi kuhusu ukame wa kale na mageuko ya wanyama)

#1 Nyika_Kavu

Wakuu, salaam.

Mjadala wa jangwa na wanyama ukianza, hauchelewi kuishia kwenye nundu ya ngamia. Kuna jambo kubwa zaidi ya hilo na liko kwenye ardhi yetu wenyewe, ndiyo maana nimefungua uzi.

Chukua ramani ya Afrika, weka alama mahali wanapoishi wanyama hawa: choroa (swala mkubwa wa nyika kavu), digidigi, bweha masikio, bweha mwenye mgongo mweusi, na yule fisi mdogo anayekula mchwa. Kila mmoja atakupa madoa mawili. Doa la kwanza linaanzia Pembe ya Afrika, linashuka kwenye nyika za Kenya na kuishia Tanzania. Doa la pili liko kusini: Namibia, Botswana, Afrika Kusini na baadhi ya majirani zao. Kati ya madoa hayo, kusini mwa Tanzania na karibu Zambia yote, wanyama hawa kwa asili hawapo. Pengo la bweha masikio peke yake ni kama kilomita 1,000.

Pengo hilo limejaa miombo. Ni eneo la takriban kilomita za mraba milioni 2.7, mvua yake ni milimita 600 hadi 1,400 kwa mwaka, udongo umechujwa rutuba, nyasi zinapanda hadi kimo cha mtu na kiangazi zinaungua. Digidigi ana kimo cha sentimita 35 hadi 45 begani. Anahitaji vichaka vilivyo wazi chini, apate majani laini na amwone adui mapema. Kwenye nyasi ndefu haoni kitu. Bweha masikio anatafuta mchwa wavunaji kwa kusikiliza, kwenye ardhi yenye nyasi fupi, na anawatafuna kwa meno 46 hadi 50 madogo madogo. Nyasi zikifika kifuani amepoteza mlo.

Sasa kama leo hawawezi kuvuka miombo, babu zao walivukaje?

Jibu liko chini ya Ziwa Nyasa. Mwaka 2005 mradi wa kuchoronga ziwa ulitoa nguzo ya matope yenye urefu wa mita 380, mahali ambapo maji yana kina cha mita 590. Matope yale yalionyesha kwamba kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita kulikuwa na vipindi vya ukame ambavyo enzi za barafu za baadaye hazikuvifikia. Usawa wa ziwa ulishuka kwa zaidi ya mita 500, na maji yaliyobaki yalikuwa sehemu ndogo sana ya ziwa tunalolijua. Chavua ya wakati huo ni ya mimea ya nusu jangwa. Hata vipande vya mkaa wa moto wa porini vilipungua, kwa sababu mimea ya kuungua ilikuwa haba.

Fikiria maana yake: pale ambapo leo pana miombo mizito palikuwa na nyika kama ya Turkana. Wanabiolojia wanaiita njia hiyo ushoroba mkavu: kutoka Somalia, Kenya, Tanzania ya kati, Usangu, Rukwa, bonde la Luangwa na Zambezi, hadi Kalahari. Umefunguka na kufungika mara nyingi katika miaka milioni kadhaa. Ukifunguka, wanyama wa ukavu wanachanganyika. Ukifungika, kila upande unaenda na mageuko yake.

Hoja ninayotaka tuijadili ni hii: ukame uleule uliowaunganisha choroa uliwatenganisha wanyama wa msitu. Kwa hiyo mtu akisema "jangwa huzaa spishi mpya", aulizwe kwanza anamzungumzia mnyama yupi.

#2 Mtafiti_wa_Mtaa

Mkuu, uzi mzito. Lakini swali: tutajuaje kwamba hawakuwepo katikati tangu zamani, kisha watu wakawawinda wakaisha? Zambia na Msumbiji zimewindwa sana.

#3 Nyika_Kavu

Swali zuri, na lina vipimo vitatu.

Kwanza, pengo hilohilo lipo kwa wasiowindwa. Kuna mimea ya ukavu, ndege wadogo na wadudu ambao ndugu zao wamegawanyika vivyo hivyo, kaskazini mashariki na kusini magharibi. Hakuna mwindaji aliyemaliza mbawakawa.

Pili, uwindaji wa karne chache hauachi tofauti za kina kwenye vinasaba. Kama pengo lingekuwa la juzi, choroa wa Kenya na wa Namibia wangekuwa na vinasaba karibu vilevile. Wanatofautiana kiasi cha kuhesabiwa spishi mbili. Wa kwetu ana pembe nyembamba, mwili mdogo kidogo na rangi iliyofifia. Wa kusini ana miguu yenye weusi mwingi na mstari mpana mweusi ubavuni. Kwa digidigi, wataalamu wengi sasa wanamtenga wa Namibia na Angola kama spishi yake.

Tatu, wanyama wa miombo wenyewe wapo palepale wakiwa wengi: palahala, korongo (swala, si ndege) na wengine. Uwindaji ungewezaje kuchagua wanyama wa ukavu tu na kuwaacha hao?

Na mpaka haulazimiki kuwa msitu. Hapa Afrika Mashariki kuna choroa wa aina mbili: wa kaskazini ya Mto Tana, na yule wa masikio yenye vishungi wa kusini ya Tana hadi Tarangire na Mkomazi. Mto tu, pamoja na misitu ya kingo zake, umetosha kupunguza mchanganyiko.

#4 Fundi_Vinasaba

Niongeze upande wa maabara, maana hapo ndipo watu wengi wanajikwaa wanapotaka kusema "walitengana mwaka fulani".

Sampuli. Kwa mnyama wa porini, kinyesi kibichi kinatosha. Kwangua utando wa juu tu wa kidonge, mahali chembe za utumbo zilipobaki. Ukichukua katikati unapata majani aliyokula. Weka kwenye ethanoli ya asilimia 95 na kuendelea kwa saa 24, kisha hamishia kwenye chupa yenye silika ya kukausha. Njia hii ya hatua mbili imefanya kazi vizuri hata kwa sokwe wa milimani kule Bwindi, ambako unyevu ni adui. Usiache sampuli juani ndani ya gari: joto na miale vinakatakata DNA, na unabaki na vipande vifupi visivyosomeka.

Kusoma. Wengi wanaanza na DNA ya mitokondria (vijisehemu vya kuzalisha nishati, vilivyo nje ya kiini cha chembe) kwa sababu kila chembe ina nakala zake nyingi. Ina mitego miwili. Mtego wa kwanza: vipande vya mitokondria viliwahi kunakiliwa na kuingia kwenye kiini cha chembe, na kipimo kinaweza kuvisoma hivyo badala ya vile vya kweli. Dalili yake ni jeni ya protini yenye alama za kusimama katikati, au mnyama mmoja mwenye mifuatano miwili. Ukiona hivyo, usiendelee na hesabu. Mtego wa pili: mitokondria inarithiwa kwa mama tu. Kwa wanyama ambao majike hukaa walipozaliwa na madume ndiyo yanayosafiri, utaona mgawanyiko mkali ambao kwenye kiini haupo.

Tarehe. Kuna kanuni ya zamani kwamba mitokondria ya wanyama wawili hutofautiana kwa asilimia 2 kila miaka milioni. Ukikuta tofauti ya asilimia 3 unasema miaka milioni 1.5. Hapo umepata umri wa kugawanyika kwa jeni, na mara nyingi jeni hugawanyika kabla ya kundi kugawanyika. Chukua mfano wa hesabu tu: kundi la babu lina majike 50,000 yanayochangia uzazi, na kizazi ni miaka 7. Mistari miwili ya mitokondria ndani ya kundi hilohilo moja, kwa wastani, ina babu wa pamoja miaka 50,000 × 7 nyuma, yaani 350,000. Hiyo ni ziada inayobebwa hata kabla ushoroba haujafungika. Kwa mgawanyiko wa miaka 75,000, ziada imekuwa kubwa kuliko jibu lenyewe.

Kwa hiyo yeyote anayeoanisha tarehe ya jeni moja na tukio moja la tabianchi, mwombe ukingo wa makosa. Mara nyingi ni mpana kiasi cha kumeza vipindi vitano vya ukame kwa pamoja.

#5 Msitu_wa_Tao

@Nyika_Kavu nimependa ulivyosema kuhusu wanyama wa msitu, acha nikamilishe upande huo.

Zamani sana msitu wa mvua wa Kongo na wa pwani yetu uliungana. Ukavu wa katikati ya Afrika Mashariki, ukisaidiwa na kuinuka kwa ardhi kulikozuia mvua, ukaukata. Kilichobaki mashariki kilishikilia milima: Usambara, Uluguru, Udzungwa na mingine ya Tao la Mashariki. Milima hii inapokea unyevu wa Bahari ya Hindi moja kwa moja. Chavua iliyochimbwa kwenye mabwawa ya huko inaonyesha msitu ulisimama hata enzi ya barafu ya mwisho, wakati maeneo mengine ya bara yalikuwa yamekauka.

Matokeo yake ni kwamba kila mlima umekuwa kisiwa. Chura hawezi kuvuka kilomita 50 za nyika yenye joto na ukavu. Kinyonga wa msitu hawezi. Mbega mwekundu wa Udzungwa hana ndugu wa karibu upande wa pili wa bonde. Vyura wa jenasi ya Nectophrynoides, wanaozaa watoto kamili bila kupitia hatua ya kiluwiluwi majini, wapo Tanzania tu, na spishi zao nyingi zinaishi kwenye mlima mmoja au miwili. Yule wa Kihansi alikuwa kwenye eneo la manyunyu ya poromoko moja, basi.

Kwa hiyo katika kipindi kimoja cha ukame unapata mambo mawili kwa pamoja: digidigi anapita Usangu kuelekea kusini, na chura wa Uluguru anafungiwa juu. Mvua zikirudi inakuwa kinyume, miombo na misitu inapanuka, digidigi anakatika.

Visiwa vya bahari navyo viliingia kwenye mzunguko huu. Enzi ya barafu bahari ilishuka kama mita 120, Unguja ikawa sehemu ya bara. Pemba haikuungana, kwa sababu mkondo wake una kina cha mamia ya mita. Ndiyo maana Unguja ina wanyama wa bara walioachwa, akiwemo kima punju, na Pemba ina vyake vya pekee, kama yule popo mkubwa wa matunda.

#6 Kaskazi_na_Kusi

Swali la msingi kwa sisi wengine: nini kinachofanya tabianchi ibadilike huku na huko? Tunasoma "enzi ya barafu" lakini hapa kwetu barafu iko Kilimanjaro tu.

#7 Mwanamashapo

Kwa tropiki, barafu siyo mwendeshaji mkuu. Mhimili wa dunia unayumba kama pia inayokaribia kuanguka, mzunguko mmoja takriban miaka 19,000 hadi 23,000. Mzunguko huo unabadilisha mwezi ambao dunia iko karibu na jua. Likiwa karibu wakati wa majira ya joto ya kaskazini, ardhi ya Sahara inapata joto zaidi, hewa inapanda, na mvua za msimu zinavutwa ndani zaidi ya bara. Likiwa karibu mwezi Januari kama sasa, Sahara inakauka.

Mara ya mwisho Sahara kuwa kijani ilikuwa kati ya takriban miaka 14,800 na 5,500 iliyopita. Ziwa Chad lilifika zaidi ya kilomita za mraba 350,000, kubwa kuliko maziwa yetu yote makuu yakijumlishwa. Turkana ilipanda hadi karibu mita 100 juu ya usawa wa leo ikamwagikia mfumo wa Nile. Chalbi, kaskazini mwa Kenya, ambayo leo ni chumvi na vumbi, ilikuwa ziwa. Ndiyo maana samaki wa Turkana ni wa ukoo wa Nile, sangara akiwemo.

Masalia ya Sahara ya kijani bado yanaogelea. Kwenye mabwawa ya miambani ya Mauritania, na Guelta d'Archei kule Ennedi, Chad, kuna mamba wamezungukwa na jangwa pande zote. Si mamba wa Nile tunaowajua. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulithibitisha kwamba mamba wa Afrika Magharibi ni spishi nyingine, Crocodylus suchus, na mamba wa Misri ya kale waliokaushwa na makuhani waliopimwa walikuwa wa aina hiyo. Mdogo, mtulivu zaidi, anakaa shimoni miezi ya kiangazi.

Arabuni nako hivyohivyo. Kwenye Jangwa la Nefud kuna matope ya maziwa ya vipindi vitano, kuanzia kama miaka 400,000 iliyopita hadi 55,000, na ndani yake mifupa ya kiboko. Kiboko! Mnyama huyo hasogei mbali na maji, kwa hiyo huo ni ushahidi wa mito na maziwa ya kudumu.

#8 Mtafiti_wa_Mtaa

Nimeelewa. Kwa hiyo mnyama akikuta ukame anajibadilisha mwili ili aweze kuishi?

#9 Nyika_Kavu

Hapana ndugu, hapo tuwe makini sana. Mnyama mmoja hajibadilishi kimaumbile. Ndani ya kundi kuna waliozaliwa na tofauti ndogo. Kiangazi kirefu kinaua wengi, wanaobaki ndio wanaozaa, na tofauti zao zinazidi kizazi hadi kizazi.

Choroa ni mfano mzuri wa kuona vitu kwa karibu. Mtafiti Richard Taylor alipima choroa na pofu (swala mwingine mkubwa) nchini Kenya miaka ya 1960. Choroa asiyepewa maji anaacha joto la mwili lipande hadi kupita nyuzi 45 kwa saa kadhaa bila kutoa jasho. Binadamu angekufa. Ubongo haupiki kwa sababu ya maungo yaliyo chini yake: mshipa unaopeleka damu kichwani unagawanyika kuwa mishipa midogo mingi, nayo imelala ndani ya kidimbwi cha damu iliyotoka puani, ambayo imepozwa na pumzi. Damu ya moto inaacha joto hapo kabla ya kuingia ubongoni. Usiku mwili unarudisha joto hewani bure, bila tone la maji.

Ila tahadhari: vipimo vya maabara ni vya mnyama aliyefungiwa penye joto. Vipimo vya baadaye vya choroa wa Arabuni walio huru, wenye vyombo vidogo vya kurekodi ndani ya mwili, vilitoa tofauti ya nyuzi kama 4 kati ya usiku na mchana wakati wa kiangazi, na siku kali zaidi nyuzi 7 na ushee. Mnyama huru ana kivuli, ana upepo, ana usiku wa kula. Na swala, kondoo na mbuzi wengi wanao mtandao huo wa mishipa. Maana yake chombo kilikuwepo kabla ya jangwa, ukavu ukakipa kazi mpya.

Kuna na suala la saa za kula. Taylor alipima kichaka kimoja kinacholiwa na choroa akakuta majani yake mchana ni makavu kabisa, usiku yananyonya unyevu wa hewa hadi maji yanafika karibu asilimia 40 ya uzito. Choroa anayekula usiku wa manane amekunywa kwa kula.

#10 Mwanamashapo

Hilo la "chombo kilikuwepo kabla" lina ushahidi mkubwa zaidi kwa ngamia. Ukoo wake ulianzia Amerika Kaskazini zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita. Ulivuka kuja Asia miaka milioni 6 au 7 iliyopita kupitia nchi kavu iliyokuwa Bering. Mwaka 2013 ilitangazwa mifupa ya ngamia mkubwa kutoka kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa ya Kanada, yenye umri wa takriban miaka milioni 3.5. Aliishi kwenye msitu wenye giza na theluji nusu mwaka. Watafiti wake wanapendekeza kwamba miguu mipana na mafuta ya nundu huenda vilisaidia kwanza kwenye theluji na njaa ya majira ya baridi. Anayekwambia kila kiungo cha mnyama wa jangwa "kiliumbwa na jangwa", mwonyeshe huyo.

#11 Jino_la_Kale

Ngoja niingie kwenye visukuku, maana tunazungumzia ukame wa kale bila kusema tunaupimaje kwenye mnyama mwenyewe.

Tunatumia enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino. Nyasi nyingi za tropiki zinakamata kaboni kwa njia inayoacha kaboni-13 (kaboni nzito) nyingi, thamani yake karibu -12 kwa elfu ukilinganisha na kipimo rejea cha maabara. Miti na vichaka ni karibu -27. Enameli ya mla mimea mkubwa inapanda kama 14 juu ya alichokula. Kwa hiyo mla nyasi kamili atatoa karibu +2, mla majani ya miti karibu -13.

Utaratibu: safisha uso wa jino, toboa kwa kidrili chenye ncha ya almasi, mwendo wa polepole enameli isiungue. Miligramu 5 hadi 10 za unga zinatosha. Osha kwa hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kwa dakika 30 kuondoa mabaki ya kiumbehai, suuza, kisha asidi ya asetiki ya 0.1 molari kwa dakika 30 kuondoa chokaa iliyoingia ardhini. Ukizidisha muda wa asidi unaanza kula enameli yenyewe. Kausha, yeyusha kwa asidi ya fosforasi, gesi inayotoka inaingia kwenye spektrometa ya masi, mashine inayotenganisha atomu kwa uzito.

Yanayoharibika:

Jino lisilo sahihi. Gego la kwanza linajengwa mtoto akiwa ananyonya, kwa hiyo oksijeni yake inasema habari za maziwa ya mama. Chukua gego la tatu.

Dentini, sehemu ya jino iliyo chini ya enameli. Ina vinyweleo vingi, inabadilishwa na maji ya ardhini. Usiichanganye na enameli.

Kulinganisha na wanyama wa leo bila kusahihisha. Kuchoma makaa na mafuta kumeshusha kaboni-13 ya hewa kwa karibu 2 kwa elfu tangu kabla ya viwanda. Bila kuongeza kiasi hicho kwa jino la leo, utaona "badiliko la lishe" ambalo ni moshi wa magari.

Minyaa na mimea mingine minene ya nyika. Hii inakamata kaboni usiku na thamani zake zinafanana na za nyasi. Mnyama wa nusu jangwa anayeitafuna ataonekana mla nyasi. Tena hata vichaka vya kawaida vikiwa na kiu vinapanda hadi -24 au -23. Kwa hiyo penye ukavu usimwite mnyama "mchanganyiko" kwa tofauti ya pointi mbili tatu.

Na oksijeni ndiyo inayosema ukame. Kiboko yuko majini, oksijeni yake inafuata maji ya mto. Twiga anapata maji mengi kwenye majani, na majani yanavukiza, kwa hiyo jua likizidi oksijeni-18 (oksijeni nzito) yake inapanda. Toa thamani ya kiboko kwenye ya twiga wa mahali na wakati uleule: pengo likipanuka, ukavu umezidi. Kipimo hiki ni kizuri kwa sababu hakihitaji kujua mvua ya zamani ilikuwa na oksijeni ya aina gani.

#12 Msitu_wa_Tao

@Jino_la_Kale na ile nadharia ya mtaalamu wa visukuku Elisabeth Vrba kwamba swala wengi walizaliwa kwa mkupuo mmoja, miaka kama milioni 2.5 iliyopita, dunia ilipopoa na kukauka? Bado inasimama?

#13 Jino_la_Kale

Sehemu yake inasimama. Vrba alipendekeza kwamba tabianchi ikigeuka, makazi yanakatikakatika, spishi nyingi zinakufa na nyingine zinazaliwa kwa wakati mmoja. Vumbi la Afrika lililotua kwenye sakafu ya bahari, lililochunguzwa na Peter deMenocal mwaka 1995, linaonyesha hatua za kukauka karibu miaka milioni 2.8, 1.7 na 1.0 iliyopita. Hiyo inamuunga mkono kwa jumla.

Tatizo ni visukuku vyenyewe. Behrensmeyer na wenzake mwaka 1997 walihesabu upya mamalia wa bonde la Turkana na kukuta mabadiliko yalisambaa kati ya miaka milioni 3 na 2, hakuna mkupuo mkali. Idadi ya visukuku haiko sawa kila tabaka. Tabaka lenye mifupa mingi linaonekana kama "spishi nyingi zimezaliwa hapa", kumbe ndipo zilipohifadhika tu. Ukichora grafu ya spishi mpya bila kugawanya kwa idadi ya vielelezo vya kila tabaka, umechora juhudi za wachimbaji.

Mimi naona yumbayumba ya mvua na ukavu ndiyo yenye nguvu kuliko hatua moja ya kukauka. Ziwa Viktoria ni mfano. Lilikauka kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita, kisha likajaa tena. Furu takriban spishi 500 wa humo wametokea baada ya hapo. Vinasaba vinaonyesha babu zao walikuwa machotara wa koo zilizotengana zamani, kwa hiyo walianza na tofauti nyingi tayari mkononi. Kutenganishwa, kisha kuchanganyika, kisha kutenganishwa tena: hapo ndipo kasi ilipotoka.

#14 Kaskazi_na_Kusi

Na fuko uchi wa Kenya na Somalia? Wanasema ukame ndio uliomfanya aishi kama nyuki, na malkia mmoja.

#15 Fundi_Vinasaba

Nadharia ipo na ina mantiki. Ardhi kavu ni ngumu, kuchimba kunakula nguvu nyingi. Viazi pori anavyokula ni vikubwa, ila viko mbalimbali. Mmoja akichimba peke yake anaweza kufa kabla hajakipata kimoja. Wakichimba wengi siku chache baada ya mvua, udongo ukiwa laini, mmoja akikipata wote wanakula miezi. Koloni la kawaida lina wanyama 70 hadi 80, na wameshapatikana karibu 300. Jennifer Jarvis ndiye aliyetangaza mwaka 1981 kwamba jike mmoja tu ndiye anayezaa.

Kinachoipa nadharia nguvu ni fuko wa Damaraland, upande wa pili wa ushoroba wetu, Namibia na Kalahari. Si ndugu wa karibu wa fuko uchi, ana manyoya yake, lakini naye anaishi kwa koloni lenye jike mmoja mzazi. Mazingira yaleyale, tabia ileile, koo mbili tofauti.

#16 Mhifadhi_Mbuga

Kwa sisi wa uhifadhi, uzi huu una matumizi ya moja kwa moja. Mifano miwili.

Digidigi. Bustani za wanyama Marekani ziliwazalisha pamoja digidigi walioonekana wa aina moja. Uzazi ukasuasua. Walipohesabu kromosomu wakakuta mipangilio tofauti, na madume machotara yalikuwa tasa. Kwa macho huoni chochote. Kwa hiyo kabla ya kuhamisha digidigi kutoka wilaya moja kwenda nyingine, pima kromosomu au vinasaba kwanza, hasa kama hujui walikotoka.

Choroa wa Arabuni. Aliisha porini mwaka 1972, akarudishwa Oman mwaka 1982 kwenye tambarare ya Jiddat al-Harasis, kutoka kundi lililokusanywa Phoenix, Marekani, miaka ya 1960. Waanzilishi walikuwa wachache, kwa hiyo waangalizi walilazimika kufuatilia nani anazaa na nani, maana kuzaliana kwa ndugu wa karibu kunapunguza watoto wanaosalimika, na kuchanganya koo zilizotengana sana nako kunaweza kuleta hasara yake. Ujangili ulipozidi kuanzia 1996 idadi ikaporomoka, na mwaka 2007 hifadhi ile ikaondolewa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

#17 Mtafiti_wa_Mtaa

Nina mwanafunzi anayetaka kufanya utafiti wa shahada ya pili kwenye ushoroba huu. Bajeti ndogo. Aanzie wapi?

#18 Nyika_Kavu

Aachane na choroa, ni wachache na wametawanyika. Achukue digidigi: wanaacha kinyesi mahali pamoja, kila jozi na eneo lake, kwa hiyo ni rahisi kupata kibichi. Kituo kila kilomita 50 hivi, kutoka Mkomazi, Tarangire, Dodoma, hadi Ruaha, ambako doa la kaskazini linakwisha. Ajitahidi mwisho wa doa, asiishie palipo rahisi kufikika, kwa sababu alama za kupanuka kwa kundi zinaonekana pembezoni: utofauti wa vinasaba unapungua kadiri unavyoelekea lilikopanukia. Kidonge kimoja kwa kila choo cha jozi, vinginevyo atahesabu mnyama mmoja mara kumi. Aanze mapema na vibali vya COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), na kama sampuli zitatoka nje ya nchi aongeze muda wa vibali vya kusafirisha.

@Fundi_Vinasaba, mitokondria pekee au aongeze na kiini?

#19 Fundi_Vinasaba

Aongeze kiini, hata kwa wanyama wachache. Afadhali digidigi 30 waliosomwa maelfu ya alama za kiini kuliko 200 wa jeni moja. DNA ya kinyesi ina bakteria na mimea mingi, kwa hiyo apime kwanza asilimia ya DNA ya mnyama mwenyewe kabla ya kulipia usomaji. Ikiwa chini ya asilimia 1 atatumia fedha nyingi kusoma bakteria, bora atafute mbinu ya kunasa vipande vya digidigi tu. Na aombe vipande vya ngozi kutoka makumbusho kwa upande wa Namibia. Bila upande wa pili wa pengo hatakuwa na cha kulinganisha.